Nyigu wamelizunguka pipa langu la mboji: niwachome au niwaache?

Swali: Mtaalamu, nina pipa la plastiki la lita 200 ninalotengenezea mboji nyuma ya jiko langu hapa Muheza. Nimelitoboa matundu ubavuni na ninalifunika kwa mfuniko wake. Humo natupa maganda ya machungwa, maembe na mapapai, majani ya chai na mabaki ya mboga. Tangu msimu wa maembe uanze, nyigu wamejaa, na juzi mmoja amemuuma mjukuu wangu mkononi alipokuwa anafunua mfuniko. Jirani ananishauri nimwage petroli usiku niwashe kiberiti. Mwanangu amesoma mtandaoni kwamba nisubiri baridi, watakufa wenyewe. Nifanye nini?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa mjukuu. Nianze na hayo mawili uliyoshauriwa, kwa kuwa la kwanza ni la hatari na la pili halituhusu.

Petroli usiimwage. Pipa lako ni la plastiki, limesimama nyuma ya jiko, na ndani yake mna takataka zinazoweza kushika moto ukafukuta chini kwa chini hata baada ya wewe kuamini kwamba umezimika. Mvuke wa petroli nao husambaa hewani kabla ya moto kuwashwa, hivyo anayewasha kiberiti mara nyingi ndiye wa kwanza kuungua. Hata kama moto hautaleta madhara, mboji iliyonyweshwa petroli haifai tena kuwekwa kwenye mchicha wa kula.

Ushauri wa kusubiri baridi ni sahihi huko ulikoandikwa. Ulaya na Amerika Kaskazini wako nyigu wa jenasi ya Vespula, wenye mistari ya njano na nyeusi, ambao hujenga viota vikubwa ardhini, kwenye kuta na hata ndani ya lundo la mboji, kiota kimoja kikiwa na maelfu ya nyigu. Majira ya baridi kali yanapoingia, jamii nzima hufa wakabaki malkia wachanga tu, ambao hujificha hadi joto lirudi. Muheza haina baridi ya namna hiyo, na nyigu wetu si hao. Wa kwetu wanaojenga karibu na nyumba huishi katika jamii ndogo, mara nyingi za makumi tu, na wanaweza kuanzisha kiota kipya karibu mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo huna haja ya kuogopa kadiri mwandishi yule alivyoogopa, wala huna cha kungojea.

Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote: mjukuu ameumwa wakati anafunua mfuniko. Nyigu aliyekuja kutafuta chakula huwa hana ugomvi na mtu; ukimsogelea huruka akaenda zake, na huuma tu akikanyagwa, akishikwa au akibanwa ndani ya nguo. Anayemrukia mtu ni yule anayelinda watoto wake, na watoto hao huwa hapo hapo alipo. Naamini kiota kipo upande wa ndani wa mfuniko, au chini ya ukingo wake, mahali pakavu penye kivuli ambapo mvua haifiki. Hao wengine wengi unaowaona wakizunguka wana shughuli zao, na baadhi yao huenda si nyigu hata kidogo. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kuua chochote, ukae hatua nne au tano kutoka kwenye pipa asubuhi jua likiwa limepanda, uangalie kwa muda wa robo saa nani anaingia, nani anatua wapi na nani anatoka.

Mdudu wa kwanza wa kumtafuta ni nzi mmoja mweusi, mwembamba, mrefu kama nyigu, mwenye miguu iliyo myeupe kwenye ncha na madoa mawili angavu mwanzoni mwa tumbo, ambayo ukiyatazama kwa mbali hukufanya udhani ana kiuno chembamba. Jina lake la kitaalamu ni Hermetia illucens. Huja kwa wingi panapooza matunda, na watu wengi humkimbia bure, kwa sababu hana mwiba wala haumi. Ana mabawa mawili tu, ilhali nyigu ana manne. Funza wake, waliobapa na wenye rangi ya udongo, hula takataka za jikoni kwa kasi ya ajabu, na siku hizi wafugaji wa kuku na samaki huwazalisha makusudi ili kupunguza gharama ya chakula. Ukiwakuta ndani ya pipa lako, kuku wako watakushukuru.

Wa pili ni nyigu wa kweli, lakini ningesikitika sana ukimuua. Ni mkubwa, mweusi, ana manyoya mwilini, na mabawa yake hung'aa kwa rangi ya buluu au zambarau juani. Huruka chini chini juu ya lundo, akienda na kurudi kama aliyepoteza kitu, na pengine utaona kadhaa kwa pamoja. Hao wanaozunguka kwa makundi aghalabu ni madume, na madume ya nyigu hayana mwiba wa sumu. Jike huchimba akaingia ndani ya mboji kutafuta mabuu meupe manene ya mbawakawa. Akimpata buu humchoma mwiba akapooza, kisha hutaga yai juu yake, na mtoto wa nyigu atakapoanguliwa atamla buu huyo taratibu. Nyigu hawa ni wa familia ya Scoliidae. Hawana kiota cha pamoja, hawana cha kukilinda, na kwa sababu hiyo hawamshambulii mtu.

Kwa mtu wa Muheza, ambako mnazi ni mti wa kila boma, jambo hili si dogo. Mbawakawa mkubwa mwenye pembe, Oryctes monoceros, yule anayetoboa kilele cha mnazi na kuyaacha makuti yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi, hutaga mayai yake kwenye magogo ya minazi yaliyooza, kwenye samadi na kwenye mboji. Kila buu wa mbawakawa huyu anayepoozwa na nyigu ndani ya pipa lako ni mbawakawa mmoja ambaye hatafika kwenye mnazi wako wala wa jirani. Sifa hii ya nyigu wetu iliwahi kufika mbali: katika miaka ya 1940 aina mojawapo, Scolia ruficornis, ilichukuliwa kutoka Zanzibar ikapelekwa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, vikiwemo vya Samoa na Palau, ambako mbawakawa wa jamii hiyo hiyo alikuwa akiangamiza minazi. Nyigu hao walizoea makazi mapya wakazaliana, ingawa peke yao hawakutosha kulimaliza tatizo.

Hapa inafaa nieleze namna ya kuyatambua mabuu yenyewe, maana utakapokuwa unageuza mboji utakutana nayo, na si yote yanayostahili kuuawa. Mweke buu juu ya sakafu laini. Akijigeuza akatambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu, huyo ni wa mbawakawa wanaokula maua na matunda yaliyoiva. Akiwa ndani ya mboji anakusaidia kuivunjavunja, hivyo mrudishe. Akijikunja akalala ubavu asiende popote, na hasa akiwa mnene kama kidole gumba, mpe kuku.

Wa tatu ni nyigu mfinyanzi, mweusi mwenye miguu ya njano na kiuno kirefu kama uzi, ambaye hujenga vyumba vya udongo ukutani, juu ya madirisha na pengine ubavuni mwa pipa. Anajaza humo buibui aliowapooza. Huishi peke yake na hana ukali. Kama udongo wake unakuudhi kwa macho, ukwangue, vinginevyo mwache.

Sasa tuje kwa aliyemuuma mjukuu. Nyigu wanaojenga kwa karatasi, wa jenasi za Belonogaster, Ropalidia na Polistes, hukwangua nyuzi za mbao kavu, huzitafuna kwa mate na kutengeneza sega lililo wazi, lenye vitundu vinavyotazama chini, likining'inia kwa kikonyo kimoja chembamba. Halina ganda la kulifunika, hivyo unaweza kuwaona nyigu wenyewe wamekaa juu yake. Hupenda chini ya paa, kwenye boriti, na hata ndani ya mapipa yasiyofunguliwa mara kwa mara. Wakubwa hunywa nekta na maji matamu ya matunda, lakini watoto wao hulishwa nyama, na nyama hiyo kwa sehemu kubwa ni viwavi wanaookotwa kwenye mboga zako. Kiota kilicho juu ya mti mwishoni mwa shamba ningekuacha nacho kwa furaha. Kilicho chini ya mfuniko unaofunuliwa na mtoto kila siku, hapana, hicho kiondoke.

Kwanza hakikisha. Usifunue kwa mkono. Asubuhi mapema, kabla jua halijawapasha moto, tumia fimbo ndefu kuinua ukingo wa mfuniko kidogo huku umesimama kando, upande ambao upepo unatoka, ukimulika ndani kwa tochi. Ukiona kikonyo na vitundu vichache, kikubwa kama kifuniko cha soda, kikiwa na nyigu mmoja au wawili, basi umewahi: subiri waondoke kutafuta chakula mchana, kikwangue kwa fimbo hiyo hiyo, ukipeleke mbali, kisha pangusa mahali kilipokuwa kwa maji ya sabuni. Wanaweza kurudi kujenga tena pale pale. Utakwangua tena, na baada ya mara kadhaa kwa kawaida hukata tamaa wakahamia kwingine.

Kikiwa kikubwa kama kiganja au zaidi, kazi hiyo ni ya usiku na ni ya mtu mzima. Asiifanye mtu ambaye amewahi kuvimba mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki au nyigu. Nyigu karibu wote hurudi kwenye sega jua linapotua, na gizani hawaruki kwa wepesi. Atakayefanya avae suruali nzito iliyoingizwa ndani ya soksi au buti, shati la mikono mirefu, glavu, na kofia iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua kilichofungwa shingoni. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu, kwa kuwa wadudu hawa huiona rangi hiyo kwa shida na hawataufuata mwanga kumfikia aliyeishika. Andaa lita tano za maji uliyokoroga vijiko vinne au vitano vya sabuni ya maji, katika bomba la kunyunyizia lenye kurusha kwa nguvu. Sabuni huyafanya maji yaweze kupenya kwenye vitundu vya pumzi vilivyo ubavuni mwa mdudu, na nyigu aliyelowa vizuri hufa bila kuruka. Bomba hilo lisiwe lile lililowahi kubeba dawa ya magugu. Fimbo iinue mfuniko, bomba lielekezwe kwenye sega moja kwa moja hadi lote lilowe, kisha mfuniko urudishwe na mtu aondoke bila kukimbia. Asubuhi sega lililolowa litang'olewa na kufukiwa. Watoto na mbuzi wote wawe ndani wakati wa kazi, na mbwa afungwe.

Sipendekezi dawa ya kopo ya mbu na mende kwa kazi hii, ingawa najua iko karibu kila nyumba na kweli huwaua nyigu. Ukiipuliza ndani ya pipa, huwaui nyigu peke yao. Unawaua pia funza, majongoo na vidudu vingine wanaokutengenezea mboji, na sehemu ya dawa itabaki kwenye kitu unachokusudia kukitia bustanini. Ukilazimika, ng'oa mfuniko mzima kwa ndoano ya mti mrefu usiku, uuweke mbali na pipa, ndipo upulize huko, ukitumia dawa iliyosajiliwa na mamlaka yetu ya viuatilifu, TPHPA, na ukifuata maandishi yaliyo kwenye kopo. Chupa za mtego zenye maji ya sukari au juisi iliyochacha nazo sina imani nazo hapa. Zitawaita nyuki na vipepeo, zitawaita na nyigu ambao walikuwa hawana habari na pipa lako, na wale walio kwenye sega watabaki wengi vile vile.

Kiota kikishaondoka, linabaki suala la chakula, na hapa kosa ni la pipa zaidi kuliko la nyigu. Maganda ya embe yaliyomwagwa juu juu yakaachwa wazi, yakichuruzika sukari kwenye joto la Januari, ni karamu. Kila unapomwaga ndoo ya maganda, chimba shimo katikati ya lundo, uyatie humo, uyachanganye kidogo, kisha uyafunike kwa tabaka la majani makavu, maranda ya mbao au pumba za mpunga, lenye unene wa kiganja kilichosimama. Weka gunia la pumba au majani makavu pembeni mwa pipa ili usipate kisingizio cha kutofanya hivyo. Wengi huniambia wanafunika, na nikiuliza wanafunika kwa nini, huniambia kwa mfuniko. Mfuniko hauzuii harufu kutoka kwenye matundu. Majani makavu huizuia.

Tabaka hilo lina faida nyingine. Maganda ya matunda na mabaki ya mboga yana maji mengi na naitrojeni ya kutosha, lakini yamepungukiwa na kaboni, na vijidudu vinavyoozesha mboji hufanya kazi vizuri pale ambapo kwa kila sehemu moja ya naitrojeni kuna sehemu 25 hadi 30 hivi za kaboni. Kwa vitendo, ndoo moja ya maganda iende na ndoo mbili hivi za majani makavu. Lundo likipata uwiano huo na hewa, hupata joto, mara nyingi kupita nyuzi 50 za Selsiasi katikati, na maganda hupoteza utamu wake ndani ya siku chache. Pipa la lita 200 ni dogo, joto lake halitadumu kama la lundo la shambani, lakini litatosha ukiligeuza mara moja kwa wiki. Kugeuza huko nako huwasumbua nyigu wa kujenga, ambao hutafuta mahali patulivu. Pipa linalofunguliwa na kutikiswa kila mara halivutii kama lile linalosahauliwa mwezi mzima. Ukikamata konzi ya mboji na kuikamua, yatoke matone machache tu. Ikichuruzika, ongeza vikavu. Ikivunjika kama vumbi, nyunyiza maji.

Matundu ya ubavuni yafunike kwa waya wa nyavu au kipande cha chandarua kilichobandikwa kwa ndani, na mfuniko ukae sawasawa pasipo mwanya. Matumbo ya samaki, mifupa na mabaki ya dagaa yasiingie humo kamwe, maana nyigu wanaolisha watoto huyafuata, na baada yao watakuja panya na kunguru. Pia okota maembe yaliyodondoka chini ya mti kila asubuhi. Mti ukiwa karibu na pipa, yumkini nusu ya nyigu unaowaona wamefuata maembe ya chini, na hata ukifunika pipa vizuri utadhani ushauri wangu haukufaa kitu.

Akiumwa mtu, mwondoeni kwanza eneo lile, kwa sababu nyigu anaweza kuuma zaidi ya mara moja na harufu ya sumu yake huweza kuwaita wenzake. Osheni kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa chenye maji baridi au barafu, vueni pete na bangili kabla mkono haujavimba. Kuvimba na kuwasha kwa siku moja au mbili si jambo la kutisha, na dawa ya mzio kutoka duka la dawa, kama setirizini, husaidia. Lakini midomo, ulimi au uso vikivimba, ngozi ikitoka mabaka mwilini mahali ambapo hapakuumwa, pumzi ikibana, mtu akitapika au akizirai, msisubiri hata dakika kumi. Apelekwe hospitali kwa usafiri wa haraka kuliko wote ulio karibu, akiwa amelala na miguu imeinuliwa, au ameketi kama anapumua kwa shida. Huko atahitaji sindano ya adrenalini. Kadhalika aliyeumwa mdomoni au kooni, na mtoto aliyeumwa mara nyingi kwa mpigo, apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Limebaki jambo moja, nalo lisome kabla hujagusa mfuniko. Iwapo unapomulika kwa tochi utaona sega la nta lililojaa wadudu wa kahawia waliolundikana kwa mamia, au ukisikia mngurumo mzito kutoka ndani ya pipa, hao ni nyuki, na kila nilichoeleza kuhusu fimbo na maji ya sabuni hakiwahusu. Nyuki wetu wa Afrika hupenda kuhamia kwenye mapipa yaliyo nusu tupu na makavu, na wakichokozwa hutoka kwa wingi wakamfuata mtu mbali sana. Rudisha mfuniko polepole, zuia watoto na mifugo wasipite hapo, usiku usiwashe taa ya nje upande huo, na mwite mfugaji wa nyuki aje na moshi na mzinga awahamishe. Asipopatikana, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Pipa hilo msilitumie hadi waondoke, na takataka za jikoni kwa siku hizo zifukieni kwenye shimo upande wa pili wa nyumba.